Treni ya Fisi Maji

Nikimsikia mtu mzima akisema katuni ni mambo ya watoto tu, huwa nanyanyuka nilipokaa. Nikimsikia msomi akisema kila picha ya katuni imeficha tumbo la mama ndani yake, nanyanyuka pia, tena huyo namwachia na maneno. Watu wanasema nina gubu. Ninalo, wala sikatai. Lakini gubu langu lina chanzo, na chanzo chenyewe ni fisi maji mmoja wa kuchorwa, mama mmoja wa Kizungu mwenye daftari la kijani, na mdomo wangu mwenyewe.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Nsemulwa, pale Mpanda mjini, nina miaka ishirini na sita, nafundisha Kiingereza darasa la tano na la sita. Televisheni ilikuwa haijatufikia. Sokoni kulikuwa na kibanda cha video, cha mabati, kilichoonyesha filamu za mateke tangu mchana, na watoto walikuwa wanafukuzwa mlangoni kwa fimbo. Kwa hiyo mwalimu mkuu aliponiita ofisini akaniambia kuna mgeni amekuja na televisheni, deki na jenereta yake mwenyewe ili awaonyeshe watoto wetu katuni, nilifurahi. Nilifurahi kama mjinga.

Mgeni alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye sauti ya chini na viatu vya kupandia milima. Alikuwa mtafiti wa mambo ya akili za watoto. Kiswahili chake kilikuwa cha salamu na cha kununulia nyanya, basi, kwa hiyo mimi ndiye ningekuwa mkalimani wake. Ningetafsiri filamu wakati inaonyeshwa, kisha ningetafsiri mazungumzo yake na mtoto mmoja mmoja. Alitaka kujua watoto ambao hawajawahi kuona katuni wanaisomaje. Ndivyo alivyosema, kuisoma. Kwake filamu ilikuwa kama barua, na kila kilichomo kilikuwa alama ya kitu kingine.

Alitueleza ofisini, mimi na mwalimu mkuu, huku chai inapoa. Filamu ilikuwa ya mtoto wa fisi maji, yule mnyama wa mtoni, na mama yake. Mto katika filamu hii, alisema, si mto, ni tumbo la mama. Bwawa likipasuka ndio mtoto anazaliwa, anatupwa duniani peke yake. Korongo mwenye kofia ni baba, na ule mdomo wake mrefu ni ukali wa baba anayemnyang'anya mtoto mama yake. Halafu akaja kwenye mkia. Yule mtoto wa fisi maji, filamu nzima, anaogopa mkia wake utakatwa, na mama yule akasema mkia ule ni alama ya nini kwenye mwili wa mwanamume. Alisema kavukavu, hana hata haya, akanitazama nitafsiri. Mwalimu mkuu alikuwa mzee wa kanisa. Ameegemeza kidevu kwenye mkono, ananisubiri.

"Anasemaje?" akauliza.

"Anasema mkia ni kiungo muhimu," nikamjibu.

"Ni kweli," mwalimu mkuu akasema. "Hasa kwa ng'ombe, maana ndio anafukuzia nzi."

Mtafiti akaandika kitu kwenye daftari lake la kijani. Nilicheka moyoni siku nzima. Sikujua kwamba hapo ndipo nilipojifunza jinsi ilivyo rahisi kupindisha maneno.

Sasa nieleze habari za mtoto mmoja, maana yote haya ni juu yake.

Dada yangu mkubwa alikuwa na binti mmoja, darasa la pili, katika shule hiyohiyo niliyofundisha. Dada aliugua. Tulimpakia kwenye treni pale stesheni akiwa hawezi kukaa, akapelekwa hospitali Tabora, na huko hakutoka. Nilikuwepo. Tulimzika hukohuko kwa kuwa hatukuwa na njia ya kumrudisha. Baba wa mtoto alishaoa kwingine zamani, hakuulizwa lolote na wala hakuuliza. Mtoto akabaki nasi, mimi na mama yangu, yaani bibi yake. Mimi aliniita mama mdogo.

Mtoto huyo hakuambiwa. Kwetu mtoto mdogo haambiwi msiba. Siku habari ilipofika, bibi yake alimfungia nguo kwenye kitambaa, akampeleka Kabungu kwa ndugu zetu akale mahindi mabichi, na huku nyuma, mimi niliporudi kutoka Tabora, tukakaa matanga. Aliporudi aliambiwa mama bado yuko Tabora anatibiwa, akipona atapanda treni aje. "Atakuja tu," bibi alimwambia, wala sauti haikumtetemeka. Mimi nilinyamaza, nikawa nimekubali. Mtoto aliuliza, akauliza tena, kisha akaacha. Sisi wawili tukasemezana jikoni kwamba ameshasahau, watoto bwana, wanasahau upesi. Nikilikumbuka neno hilo mpaka leo natamani kujizaba kofi.

Miezi minne ikapita, ndipo akaja huyu mama na katuni yake.

Siku ya filamu tulitundika mablanketi madirishani, darasa la nne likawa giza saa nane mchana. Watoto walijibana sakafuni mpaka mlangoni, na joto lilikuwa la kufa mtu. Walikuwemo wa Kifipa, wa Kikonongo, wa Kisukuma, na wale ambao wazazi wao walitoka Burundi. Kila mmoja ana lugha ya kwao, Kiswahili ndicho kilichokuwa kinatukutanisha. Kiingereza hapakuwa na hata mmoja wa kukifuata. Jenereta ilikuwa inanguruma nje, ikabidi nisimame kando ya televisheni nitafsiri kwa kupiga kelele, kama wale wanaotafsiri filamu kwenye kibanda cha sokoni. Mtafiti yeye alikaa mbele lakini ameipa televisheni mgongo, maana hakutaka kuona filamu, alitaka kuona nyuso.

Na kuna jambo msomi yule, pamoja na vyeti vyake vyote, hakulifikiria hata kidogo. Filamu ile ilikuwa mdomoni mwangu. Nilichosema mimi ndicho watoto walichokiona.

Tukaanza vizuri. Fisi maji mdogo akaimba, tukapiga makofi. Korongo akavua kofia, watoto wakamzomea. Kisha bwawa likapasuka. Mama fisi maji akamsukuma mwanawe juu ya gogo, na mama mwenyewe maji yakambeba. Muziki ukakatika. Yule mdogo akaita, akaita tena. Ndipo msimulizi, kwa Kiingereza chake kisafi, akasema waziwazi kwamba mama amekufa.

Nikageuka nitafsiri. Macho yangu yakatua mstari wa pili, kwa mtoto wa dada yangu. Alikuwa ameweka mikono mapajani, haangalii televisheni. Ananiangalia mimi.

Neno likanikwama. Darasa zima linasubiri, jenereta inanguruma, fisi maji analia. Nikafungua mdomo nikasema, "Mama yake amepanda treni. Ameenda Tabora."

Treni! Katika filamu ya mto, isiyo na reli hata ya kuchora kwa chaki! Lakini mtoto mmoja wa nyuma, ambaye familia yake ilihamia mjini kutoka Sitalike baada ya baba yake kuacha kazi ya hifadhini, akaropoka, "Eeh, kweli, fisi maji si anaogelea huyo? Atakufaje maji?" Wenzake wakamkubalia. Nilitamani kumbusu. Kisha, karibu na mwisho, mama fisi maji akatokea mawinguni, mweupe, anang'aa, anainua mkono. Nikajikaza nikapiga kelele, "Sasa ameshafika! Anampungia mkono mwanae!" Watoto wakashangilia mpaka vumbi likapanda.

Mtafiti akaandika, akaandika, akafungua ukurasa mwingine. Aliniambia baadaye alichoandika: watoto hawa wanashangilia kifo.

Kesho yake akawagawia karatasi na penseli za rangi wachore wanachokikumbuka. Jioni tukazitandaza picha mezani. Mweh! Treni. Treni za kila aina. Treni inayovuka mto, treni yenye moshi, treni ya mabehewa mengi mpaka karatasi imekwisha, na dirishani fisi maji amekaa anakula karanga. Mama yule aliziinamia picha zile mkono umeziba mdomo. Macho yalimng'aa.

"Treni imetoka wapi?" akaniuliza. "Kwenye filamu hakuna treni. Kwa nini wote wameiona?"

Ningeweza kusema. Ilikuwa sentensi moja tu: niliiweka mimi. Nikasema, "Sijui."

Basi akaanza. Alizungumza mpaka nikaumwa kichwa. Treni, alisema, ni chuma kinachoingia kilimani, na nyie wasomaji watu wazima mnaweza kujimalizia alichosema kinachofuata. Tena behewa limefungwa pande zote, kwa hiyo ni tumbo la mama kwa mara nyingine, mtoto anatamani kurudi alikotoka. Tena hawa ni watoto wa watu waliohama, wengine na ng'ombe, wengine wakikimbia vita, kwa hiyo treni ni ule uhamaji wa wazazi uliolala chini kabisa ya akili ya mtoto. Kitu kimoja, tafsiri tatu, na zote anaziamini! Nilitaka kucheka, nilitaka kumpiga, nikafanya la tatu, nikamtafutia kikombe cha maji. Kila alichokijenga pale kilisimama juu ya uongo wangu, na yeye alikuwa anapandisha ghorofa.

Akaokota picha ya mtoto wa dada yangu. Ilikuwa na treni pia, lakini inaondoka. Stesheni wamebaki watu wawili wamesimama. Wana macho, wana pua, wana mpaka vifungo vya nguo, lakini midomo hawana. Mmoja amejifunga kanga ya miduara myekundu.

"Hofu ya kuliwa," mtafiti akasema. "Amewafuta midomo ili wasimle."

Kanga ile ilikuwa ya mama yangu. Mwingine aliyesimama pembeni, mrefu, na kitabu mkononi, nilimtambua pia. Nikairudisha picha kwenye rundo, nikaiweka chini kabisa, kana kwamba kuificha kungesaidia kitu.

Jioni hiyohiyo mwalimu mkuu, kwa nia njema na Kiingereza chake cha kuungaunga, akamweleza mgeni kwamba mtoto huyo amefiwa na mama na hajaambiwa. Nilikuwa sipo. Asubuhi nikamkuta mtafiti amebadilika, ana uso wa mtu mwenye kazi ya hospitali. Ametoa madawati yote chumbani, ameacha viti vitatu. Mtoto wa dada yangu ameshakaa kwenye kimoja, miguu haifiki chini.

"Mwambie," mtafiti akaniambia, "kwamba mama katika filamu amekufa. Halafu muulize, na mama yake je?"

"Hapana," nikasema.

"Ni kwa faida yake. Anaukataa ukweli. Akiendelea hivi ataumia maisha yake yote."

"Huyu ni mtoto wetu. Ana bibi yake. Siwezi kusema maneno hayo hapa kwenye viti."

Aliniangalia kwa huruma. Afadhali angenitukana, maana huruma ile ndiyo iliyonichefua. Kisha akainama, akamshika mtoto mikono yote miwili, akatafuta maneno katika kile Kiswahili chake cha nyanya. Akayapata.

"Mama kufa," akasema. "Fisi kufa. Mama yako, kufa."

Mtoto hakushtuka. Alichomoa mikono yake polepole, akanigeukia.

"Mama mdogo, huyu anasemaje?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia, "Hajui Kiswahili. Anakosea."

Akashuka kitini, akavaa kandambili zake, akachukua mfuko wake wa madaftari, akatoka. Hakuaga.

Nilimwambia yule mama kila kitu, kwa sauti ambayo nina hakika darasa la saba waliisikia. Nilimwambia treni ni yangu. Hakuna uhamaji, hakuna tumbo, hakuna kilima! Mimi niliogopa kulitamka neno mbele ya mtoto mmoja, nikasema treni kwa sababu dada yangu alipanda treni, na watoto wakachora walichoambiwa kama watoto wanavyofanya. Umekuja huku na jenereta yako unasoma watoto, nikamwambia, na mkalimani wako aliyesimama mbele yako saa nzima hukumsoma!

Aliinamisha uso. Nilidhani ameumia, nikaanza hata kumhurumia kidogo. Kumbe. Alivuta daftari la kijani, akafungua ukurasa mpya, akaweka kalamu tayari.

"Na wewe," akaniuliza kwa upole, "kwa nini unadhani ulichagua treni?"

Niliyomjibu siyaandiki. Yalikuwa nusu Kiingereza nusu lugha ya kwetu, na nusu ya pili ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. Nilitoka bila ruhusa, nikaacha kipindi cha darasa la sita bila mwalimu, nikaenda nyumbani karibu mbio. Njia nzima nilimlaani. Lakini nilipofika pale kwenye mteremko wa nyumbani laana zilikuwa zimeniishia, na kilichobaki ndicho kilichonikera kuliko vyote: mahali pamoja alikuwa amepatia. Walikuwepo waliokuwa wanakikataa kifo. Alikosea tu kuwatafuta darasa la pili.

Mama yangu alikuwa uani anapepeta mahindi ya kande. Mtoto amesimama mbele yake, mfuko bado begani. Alikuwa ananisubiri mimi nifike, kama mtu aliyeitisha kikao.

"Yule mzungu amesema mama amekufa," akaanza.

"Yule mzungu ana wazimu," bibi akamjibu bila kuinua uso. "Mama yako yuko Tabora."

"Nyie waongo."

"We mtoto!" Bibi akaweka ungo chini, mkono juu. "Unamtukana nani?"

Mtoto hakurudi nyuma. "Niliporudi kutoka Kabungu niliwakuta mmenyoa nywele. Bibi umenyoa, mama mdogo umenyoa. Mkaniambia chawa."

"Ndiyo, chawa!" bibi akasema. "Walikuwa chawa."

"Mimi nalala na bibi kitanda kimoja. Mbona mimi hamkuninyoa?"

Mkono wa mama yangu ukashuka wenyewe, maana kwetu wanaonyoa ni wafiwa. Kuku walikuwa wameingia kwenye ungo wanadonoa mahindi na hakuna aliyewafukuza. Mtoto wa miaka minane, kwa miezi minne amelala kila usiku na swali hilo pembeni ya bibi yake, na sisi jikoni tunasema amesahau! Sijawahi kujichukia hivyo. Nikapiga magoti kwenye mchanga ili niwe sawa naye.

"Mama yako amefariki," nikamwambia. "Alifariki Tabora. Tulimzika kule. Mimi nilikuwepo."

Hakulia. Aliniuliza tulimvalisha nini. Nikamwambia gauni lake la bluu. Akauliza kama tulilia. Nikamwambia tulilia, watu walikuja wengi, walilala hapa uani.

"Na mimi nikawa nakula mahindi," akasema.

Bibi yake alitoa sauti ambayo sikuisikia tena kwake mpaka anakufa. Mtoto akavuta kigoda, akakaa, akatupa mgongo, akainamisha kichwa.

"Ninyoeni na mimi."

Bibi alileta maji na sabuni, lakini wembe akanisukumia mimi. Nikaushika. Nilipopitisha mara ya kwanza, nywele zikaanguka mapajani pake, akaziangalia, ndipo akalia. Alilia kwa kupiga yowe, kama wanawake wazima wanavyolia, na hatukumwambia anyamaze. Niliendelea kunyoa huku machozi yananiziba macho, naogopa kumkata.

Yowe lile liliwaleta majirani. Waliingia uani mbiombio, mmoja mikono ina unga, wengine wameshika watoto, wanauliza, "Kuna nini jamani? Nani amefariki?"

Mama yangu akafungua mdomo, nami nikafungua wangu. Mtoto akatuwahi. Aliinua kichwa, upande mmoja kimenyolewa, upande mmoja bado, akawajibu mwenyewe.

"Mama yangu amefariki," akasema. "Kaeni."

Wanawake wale walishamlilia dada yangu miezi minne nyuma, uani hapohapo. Walitazamana. Kisha wakavua kandambili, mmoja baada ya mwingine, wakakaa chini.